Mkono wa Mama Vikombe

Shika simu yako vizuri kwanza, isije ikakuponyoka. Hiki ninachokuletea, ukifika mwisho utasema nimetunga, na sitakulaumu. Mwanamume mmoja alizibwa macho yote mawili, akamtambua mke wake bila kumwona, bila kumsikia, bila kumgusa hata ukucha. Alimtambua ndani ya kompyuta. Na huyo mke, sikiliza vizuri, alikuwa hajawahi kubonyeza kompyuta hata siku moja maishani mwake.

Haya, twende.

"Huyo ameshika kikombe au amekamata mwizi?"

Aliyeuliza ni Mama Vikombe. Alikuwa amesimama mlangoni, ghorofa ya tatu, aproni imelowa tumboni, macho kwenye skrini kubwa iliyokuwa ukutani. Kwenye skrini kulikuwa na mkono. Mkono tu, hauna mtu, umeishia kwenye kifundo, unaelea juu ya meza ya kuchorwa. Vidole vinne vilikuwa vimekipiga kikombe kabali. Kidole gumba kilikuwa kimepenya ukuta wa kikombe kikatokea ndani, kama moshi unaopita dirishani.

"Mama, usitucheke," alisema kijana aliyekuwa kwenye kiti. Huyu wenzake walimwita Chaja, kwa sababu tangu asubuhi mpaka jioni alikuwa anaulizia chaja ya mtu. "Hiyo ni kazi ya miezi mitano."

"Sicheki, mwanangu. Nasikitika kwa sauti."

Mama Vikombe alikuwa mwosha vyombo wa kantini, chini kabisa ya lile jengo. Miaka kumi na moja kwenye sinki lile lile. Kila alasiri alipanda ngazi ghorofa zote nne kukusanya vikombe ambavyo watu wamepanda navyo na kuvisahau. Kusahau ni neno lake la heshima. Neno lenyewe ni wizi, ila alikuwa mtu mstaarabu.

Chumba cha akina Chaja ndicho kilikuwa makao makuu ya wezi. Siku hiyo alivikuta vikombe tisa. Kimoja juu ya kabati, kimoja kimetiwa kalamu, kimoja chini ya mafungu ya waya kimeota ukungu wa kijani. Trei alikuwa ameiacha ghorofa ya chini, hakujisumbua kuifuata. Alivipitia tu, kama mtu anayechuma mboga shambani kwake. Kila kidole kilijua mkono wa kikombe chake, kidole kidogo kikabeba kile chenye ukungu mbali na vingine, na tisa vyote vikawa hewani bila hata kimoja kugongana na mwenzake. Mlango akausukuma kwa kiwiko.

"Simama hapo hapo!"

Huyo sasa alikuwa Bosi Mdogo, binti mfupi mwenye sauti kubwa, ndiye aliyeongoza kazi ya chumba kile. Alinyanyuka kwa kasi mpaka kiti kikaanguka.

"Nimevunja nini tena?" Mama Vikombe akashtuka.

"Hujavunja. Rudia. Hebu rudia ulichokifanya."

"Kuchukua vyombo vichafu?"

"Ndiyo, mama. Tafadhali. Hicho hicho."

Akarudia, akicheka. Wale vijana wakawa wanamzunguka kama watalii, wanachungulia chini ya vidole vyake, wanapiga picha. Ndipo Bosi Mdogo akamweleza mkono ule wa ukutani ni wa nini. Ulikuwa wa watu waliopata kiharusi, mkono mmoja ukafa. Mgonjwa anavalishwa miwani mizito, inayoziba macho yote kama ya mchomeleaji, na humo ndani anaona meza, kikombe, na mkono mzima mahali pa ule wake uliolala. Anafungwa mkanda kwenye mkono wake halisi. Akijaribu kuusogeza, hata kwa nia tu, mkanda unasikia, na ule mkono wa kuchorwa unamalizia safari. Unashika, unainua. Ubongo unaona kikombe kimepanda, unaanza kukumbuka njia ya zamani.

"Ila wagonjwa wanauchukia," Bosi Mdogo alisema. "Tumeujaribu hapo hospitali ya ng'ambo ya barabara. Kuna mzee alivua miwani akasema, nimekuja kutibiwa mkono, mnanionyesha mkono wa maiti."

Mama Vikombe aliviweka vikombe chini. Kimoja kimoja.

"Huyo mzee ana ndevu?"

"Nyingi, tena hazijachanwa."

"Ni mume wangu."

Chaja akaanza kuomba msamaha kwa maneno ambayo hata yeye mwenyewe hakuyaelewa.

Sasa hapa lazima nikuambie kuhusu huyo mume. Mtaa mzima ulimwita Kinyozi. Miaka thelathini alikaa nyuma ya kiti kile kile cha kuzunguka, akishika vichwa vya watu. Alikuwa anaweza kugeuza kichwa cha mtoto anayelia kwa vidole viwili, na mtoto akanyamaza akidhani anabembelezwa. Kisha asubuhi moja, miezi minane nyuma, mashine ya kunyolea ilimdondoka, akainama kuiokota, hakuinuka. Alipozinduka, mdomo ulirudi, mguu ulirudi nusu, mkono wa kulia ukagoma. Ulikaa mapajani mwake kama kitu cha mtu mwingine alichoachiwa akishike kidogo, na mwenyewe hajarudi kukichukua.

Na kinyozi huyo, baba wa watu, hakuruhusu yeyote amnyoe.

Mwanzoni mke wake alimsaidia. Aliushika ule mkono, akaufunga kwenye kikombe cha chai, akaupeleka mdomoni pamoja naye. Siku tatu Kinyozi alivumilia. Siku ya nne kikombe kilienda ukutani.

"Niondolee mikono yako," alisema. "Ukinishika najiona mtoto mchanga. Miaka yote nilikulisha mimi."

"Sasa nani akushike?"

"Mtu yeyote asiyenionea huruma."

Ndiyo maana alikubali habari ya mashine. Mashine haina huruma, alisema, ikinisaidia sioni aibu. Lakini baada ya ule mkono wa maiti alirudi nyumbani amenuna. Mtaalamu wa viungo pale hospitali, mama mmoja mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya barabara, alimbembeleza arudi mara moja tu, Alhamisi. Tena alimwambia waziwazi, mbele ya mkewe, kwamba mkono ukiendelea kulala bila kujaribu lolote, kila mwezi unaopita kuuamsha kunazidi kuwa kugumu. Kinyozi akajibu sawa, Alhamisi. Ikiwa ni upuuzi ule ule, sitaki kusikia tena habari za mkono, niacheni na redio yangu.

Alikuwa hatanii. Huyo mtu alipoacha sigara aliacha katikati ya sigara.

"Leo ni siku gani?" Mama Vikombe aliuliza.

"Ijumaa," Chaja alisema.

"Nipeni hiyo glavu yenu." Alikuwa ameiona mezani, glavu nyeusi yenye nyaya nyembamba kila kiungo. "Ila sharti moja. Asijue kama ni mkono wangu. Akijua tu, amevua hiyo miwani na harudi. Mmenielewa? Hata mkichinjwa."

"Hata tukichinjwa," wakajibu kwa pamoja.

Ikawa kila alasiri, akimaliza sinki, anapanda. Siku ya kwanza aliuliza kikombe walichokuwa wanatumia kiko wapi. Chaja akamletea. Cha plastiki, chepesi, kikavu.

"Miezi mitano mnashika kikombe kitupu?"

"Ndiyo."

"Kimoja hiki hiki?"

"Ndiyo, mama."

"Nani anashika kikombe kitupu kikavu duniani? Mimi tu, tena nikishakiosha."

Kesho yake alikuja na trei imejaa. Vikombe vizito vya kantini, glasi, kopo la bati, kikombe chenye mkono uliovunjika, bakuli lisilo na pa kushika. Akavijaza maji kwa namna zote: nusu, mpaka shingoni, ya baridi, ya moto. Vingine akavipaka sabuni. Alivishika, akaviinua, akaviweka. Mara mia tatu na kitu. Bosi Mdogo alihesabu mpaka akachoka, Mama Vikombe bado anaendelea huku anawasimulia umbea wa ghorofa ya pili.

Jumanne wakamwita aone. Mkono wa ukutani sasa haukupenya kitu. Ulienda moja kwa moja, laini, ukashika, ukainua. Chaja alikuwa anatabasamu mpaka masikioni.

Mama Vikombe alitazama mara mbili. Akavua kilemba, akajipangusa uso, akakivaa tena.

"Huu si mkono wangu."

"Ni wako, mama! Tumeusafisha tu kidogo."

"Mmeupiga pasi."

Chaja akaanza kujitetea. Mkono wowote ukirekodiwa, alisema, unakuja na takataka: kutetemeka, kusitasita, vidole kugusa na kurudi. Lazima uzitoe, kila anayefanya kazi hii huzitoa, ndiyo hatua ya kwanza kabisa.

"Nionyeshe hizo takataka."

Akamwonyesha. Na jamani, kama kuna kitu ningelipa kiingilio kukiona ni uso wa yule mama wakati huo. Mara ya kwanza katika maisha yake aliona mkono wake ukifanya kazi bila yeye kuwemo. Uliondoka mezani ukijifungua kuliko upana wa kikombe, kama mtu anayefungua mlango wote kumpisha mgeni mnene. Ncha ya kidole cha kati iligusa, ikarudi, ikagusa tena. Nyama ya vidole ilibonyea kidogo. Kikombe kilipoachana na meza vidole vilikaza ghafla, halafu, kilipotulia hewani, vikalegea nukta moja, vikabaki na nguvu inayotosha, basi.

"Ona," alisema polepole. "Mkono hauendi kushika, mwanangu. Unaenda kuuliza kwanza. We wa moto? Umejaa? Una mafuta? Ukishajibiwa ndiyo unashika. Sasa nyie mmeyafuta maswali yote, mkaacha jibu peke yake. Ndiyo maana unafanana na maiti. Maiti haulizi."

Chaja akatikisa kichwa.

"Huamini? Fumba macho."

Akamfumbisha macho kwa kilemba chake, akampa kikombe kilichojaa. Chaja akakiinua kama kile kitupu cha miezi mitano. Maji yote kwenye suruali.

"Pole," alisema Mama Vikombe. "Ulisahau kuuliza."

Usiku ule na mpaka Jumatano jioni wale vijana walirudisha takataka zote. Kila kusita, kila kugusa na kurudi. Wakaongeza nyama ya vidole ikabonyea kweli. Wakaviambia vikombe vya kuchorwa viwe na uzito, na utelezi vikiwa na sabuni. Bosi Mdogo aliniapia kwamba alisoma shule miaka mingi na hakuna mwalimu aliyewahi kumsahihisha vizuri kama Mama Vikombe, tena mama mwenyewe huku anamenya chungwa.

Alhamisi ikafika.

Mama Vikombe alikuwa amemuaga mumewe asubuhi kwamba anaenda kazini, na kazini akaaga kwamba anaenda mara moja hapo ng'ambo. Alikuwa ameapa hatakwenda. Miguu ikaenda. Mtaalamu wa viungo alimfungulia mlango wa nyuma, akamsimamisha ukutani karibu na kabati la bandeji.

"Usikohoe," alimnong'oneza, na kunong'ona kwake kulisikika korido nzima.

Kinyozi alikuwa tayari amekaa, ameligeuzia kabati mgongo, ndevu kifuani, miwani imeshafungwa kichwani. Chaja alimfunga mkanda mkononi. Bosi Mdogo alikuwa kwenye kompyuta, na pembeni skrini ilionyesha anachokiona mzee humo ndani.

"Haya, leteni maiti wenu," alisema Kinyozi.

"Mzee, kikombe hicho mbele yako," alisema Bosi Mdogo. "Kina chai, kimejaa. Jaribu kukiendea."

Hakuna kilichotokea. Ule mkono halisi ulilala kwenye paja. Dakika nzima. Mshipa wa shingo wa Kinyozi ulisimama.

"Mnaona? Nimewaambia."

"Usikifikirie kikombe, mzee," Bosi Mdogo alisema. "Fikiria una kiu."

Mkanda ukalia, kilio kidogo kama cha kifaranga. Kwenye skrini mkono uliondoka mezani. Ukajifungua. Ukafika, ncha ya kidole cha kati ikagusa, ikarudi, ikagusa tena. Ukashika. Chai ikayumba mpaka ukingoni, haikumwagika. Kikombe kikapanda.



Kikashuka. Kikapanda tena. Mara ya nne, mtaalamu wa viungo alimshika Bosi Mdogo bega akamwonyesha paja la mzee kwa kidevu. Kidole cha shahada, chenyewe, kile cha nyama na mfupa, kilikuwa kimejikunja. Kidogo sana. Kikanyooka. Kikajikunja.

Ukutani, Mama Vikombe alijiziba mdomo kwa viganja vyote viwili.

"Huyu sasa ni mtu," Kinyozi alisema, na sauti yake ilikuwa na kicheko ambacho nyumbani hakikusikika miezi minane. "Huyu mmemtoa wapi? Huyu anaogopa kumwaga. Nimempenda."

"Ni wa kompyuta tu, mzee," Chaja alisema haraka, haraka mno.

Mara ya sita. Ya saba. Ya nane. Mara ya tisa Kinyozi alikiweka kikombe, halafu akatulia. Akakiinua tena, akakiweka. Kichwa chake kikainama upande, kama alivyokuwa akikiinamisha kusikiliza mashine ya kunyolea inayotaka kuharibika.

"Binti," alisema. "Huu mkono wa nani?"

"Nimekwambia, mzee, wa kom..." Chaja alidakia.

"Huyo ni mwenzako, na anadanganya vibaya. Mimi nimefanya kazi ya mikono miaka thelathini. Sikiliza. Huu mkono ukishaweka kikombe hauondoki. Unakisukuma kwanza, hivi, kwa mgongo wa vidole, kisogee katikati ya meza. Kila mara. Umeona?"

Chaja alimtazama Bosi Mdogo. "Tulidhani ni hitilafu ya glavu," alinong'ona. "Tuliiacha kwa sababu yeye alisema tusifute kitu."

Mama Vikombe alikuwa anautazama mkono wake wa kulia kana kwamba amekabidhiwa sasa hivi. Hakujua. Wallahi hakuwahi kujua kwamba anafanya hivyo.

"Kifungua mimba wetu alipoanza kusimama," Kinyozi aliendelea, bila haraka, "alivuta kikombe cha chai ukingoni mwa meza. Kikamwagikia begani. Tangu siku ile kuna mtu nyumbani kwangu hajawahi kuacha kikombe ukingoni. Mtoto mwenyewe sasa ni mtu mzima, ana ndevu, anaishi mbali. Mtu huyo bado anasukuma."



Mkanda ukalia. Kwenye skrini mkono ukakiendea kikombe, ukakiuliza, ukakishika, ukakiinua. Safari hii Kinyozi hakukishusha. Mkono wake wa kushoto, ule mzima, ulipanda taratibu mpaka kwenye ukingo wa miwani, ukaishia hapo, vidole vimeukamata ukingo, haviuvuti wala haviuachi.

"Yumo humu ndani?" aliuliza. "Mke wangu. Nijibuni. Yumo?"

Vijana wakageuka wakamtazama Mama Vikombe, kwa sababu waliapa, na kiapo kilikuwa chake. Akijibu, huenda mzee akang'oa ile miwani na asikanyage tena chumba hiki, na kile kidole kikalala moja kwa moja. Akinyamaza, mumewe ataendelea, lakini ataendelea akijua watu wazima wanne wamesimama gizani kwake wanamdanganya. Alipiga hatua moja kutoka kwenye kabati la bandeji. Kiatu chake kilikuwa na maji ya sinki, kikalia kwenye sakafu. Kinyozi akageuza sikio.

Na pale kwenye skrini kikombe kilikuwa bado juu, kimejaa mpaka ukingoni, kinafuka mvuke wa kuchorwa, hakitetemeki, kimeshikwa kwa nguvu inayotosha tu, kinasubiri.

Ungekuwa wewe ndiye umesimama hapo, ungemjibu nini?